Msumari Uliokosa Nguzo

Karamu ya mwana haipikwi kwa nguzo ya babu. Maneno hayo nilimwambia baba yenu asubuhi, alipotaka kulitoa sanduku la marehemu babu yenu ili apate nafasi ya wageni wa mahafali ya Tumsifu. Nanyi mkacheka, mkaniuliza nani duniani amewahi kupika kwa nguzo. Kaeni basi niwaeleze yalikoanzia. Wapo waliopika, na mwiko niliushika mimi.

Nguzo yenyewe ilikuwa ya mpingo, nene kama kiuno cha mtoto. Ilisimama katikati ya nyumba ya msonge ya baba mkwe wangu, Mzee Semgaya, ambaye sikumkuta hai. Hakujua herufi hata moja. Lakini kila mtu wa ukoo alipozaliwa alimkatia pengo kwenye nguzo ile, na alipokufa pengo lake likapigwa mstari. Mtoto akimaliza shule, hata kama ni darasa la nne la misheni, mzee alipasha msumari moto mpaka ukawa mwekundu, akamwita mwenyewe atoboe tundu dogo kando ya pengo lake. Ukoo wote ulikuja kushuhudia, kuku akachinjwa. Nilipoolewa matundu yalikuwa tisa. Mapengo sikuwahi kuyahesabu, maana yalikuwa mengi, na ya chini yalikuwa ya enzi za baba yake na babu yake. Walihama mara tatu kwa njaa na kwa vita, na kila walipohama waliing'oa nguzo wakaibeba begani.

Mama mkwe wangu, Bibi Damari, macho yake yalikuwa yamezimika. Tulikuwa tumemhamishia nyumba ya bati, lakini kila asubuhi baada ya sala alishika fimbo yake akaenda kwenye msonge kuisoma nguzo kwa vidole. Alianza chini akapanda taratibu. Huyu Nyange, aliyezaliwa mwaka wa nzige. Huyu Mbwego, alikwenda kukata mkonge hakurudi. Huyu mtoto hakuishi siku arobaini, lakini jina alipewa. Mimi nikifagia uani nilikuwa namsikia.

Mjukuu wake Eunike alikuwa yatima wa mwanawe mkubwa, na ndiye wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu. Siku ya kuondoka, nilivyosimuliwa, alimshika bibi yake mikono akamwambia, akirudi na digrii atatoboa tundu lake, kisha akae naye bibi amtajie wote, mmoja mmoja, aandike. Bibi Damari aliufunga ule msumari kwenye pindo la kanga yake. Miaka mitatu kila alipobadili kanga aliuhamisha.

Sasa barua ikaja kwamba Eunike amemaliza, anafika Jumamosi. Zakaria, mume wangu, ambaye ndiye babu yenu, akapanga Jumapili iwe ibada ya shukrani, kisha chakula nyumbani. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alimpenda Eunike kama mtoto wa kumzaa. Lakini ilikuwa masika, mvua ilinyesha wiki nzima, kuni zote mbichi. Na ule msonge paa lake lilikuwa limeanguka upande mmoja. Aliona aibu wageni wasomi waje waone gofu, tena hapo ndipo palipofaa kusimamisha turubai.

Jumapili asubuhi Bibi Damari alichukuliwa mapema kwenda kanisani pamoja na Eunike. Sisi wa jikoni tulibaki. Mafiga yalitoa moshi mtupu, machozi yakatutoka, mchele haujaingia. Zakaria akaja na shoka na ndugu zake wawili, wakaubomoa msonge. Nguzo walipoilaza chini nilimwuliza kama si hiyo anayoishika mama kila siku.

Akacheka. "Mke wangu, hizo ni hesabu za watu wasiojua kusoma. Leo tunaye wa digrii. Ataandika yote kwenye karatasi."

Nilikuwa na miezi minane tu katika nyumba ile. Nilijua kwamba Eunike bado hajaandika hata jina moja. Nilijua, nikanyamaza.

Mpingo mkavu hauhitaji kupulizwa. Moto ulisimama, pilau likaiva likachambuka, na kila aliyepita jikoni alisifu harufu.

Watu wakarudi kutoka kanisani wakiimba. Eunike alikuwa katika joho lake jeusi, na kaunta buku jipya kwapani. Bibi Damari alimshika mkono, na sijapata kumwona mama yule akitabasamu vile. Hakutaka kukaa kwenye kiti walichompambia. Akaniita, akafungua pindo la kanga.

"Mkamwana, upashe huu. Uwe mwekundu kabisa. Tundu la mwanangu lisije likawa la kubabaisha."

Nikaupokea. Wanangu, niliuchukua msumari ule nikauweka kwenye moto wa nguzo yenyewe.

Naye alikwisha kuanza kutembea kuelekea kwenye msonge, hatua zake alizozizoea, mpaka fimbo ikagonga kigingi cha turubai. Akanyoosha mkono mbele. Akapapasa hewa.

"Zakaria," aliita. "Nguzo iko wapi?"

"Mama, kuni zilikuwa mbichi," Zakaria akasema. "Tumempikia mjukuu wako. Kaa, chakula tayari."

"Mmempikia kwa kuni gani?"

Eunike ndiye aliyenipita mbio, akavuta kipande kilichobaki kutoka kwenye mafiga, akakimwagia maji, akampelekea bibi yake. Bibi alikipapasa huku kingali moto. Mkaa ukabanduka ukabaki mikononi mwake. Hapakuwa na pengo wala tundu.

"Bibi, niambie tu kwa mdomo," Eunike alisema, amepiga magoti kwenye matope na joho lake, kalamu mkononi. "Ninaandika. Anza."

Bibi Damari akaanza. Semgaya. Nyange. Mbwego. Mhina. Alifika jina la saba, akasimama. Akarudia Nyange. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti lake, vinatafuta.

"Mimi sikuwa nikiyajua, mwanangu," alisema mwishowe. "Vidole ndivyo vilivyojua."

Zakaria, kwa kutojua la kufanya, aliniambia nimpelekee mama sahani. Nikampelekea. Alinusa pilau, akaisukuma kwa mgongo wa mkono, na hapo ndipo aliposema maneno haya mnayoyaona ya mzaha. Aliyasema kwa sauti ndogo, wala hakumwelekezea mtu uso. Hakuna aliyekula siku ile. Mbwa walishiba.

Eunike alimkalisha kila siku, wiki baada ya wiki, lakini jina la nane halikuja. Kabla ya mavuno mama alifariki, na hapakuwa na pahali pa kumpigia mstari. Eunike alikwenda kazini Mwanza, akaacha kaunta buku juu ya benchi, hakulirudia. Babu yenu aliishi miaka thelathini na miwili baada ya hapo, na mbele yangu hakutia pilau mdomoni tena.

Sanduku ambalo baba yenu analiona takataka ndimo vilimo vitu hivi: msumari ule ulioungua, na buku lenye majina saba. Kurasa nyingine ni nyeupe. Mkiniuliza babu wa babu yenu aliitwa nani, sijui, na hakuna ajuaye. Nimemwomba Mungu anisamehe ule ukimya wangu, na naamini amenisamehe. Majina hakuyarudisha.

Basi mwimbieni Tumsifu, mpikieni, amestahili. Ila mwambieni baba yenu aliache sanduku pale lilipo. Karamu ya mwana haipikwi kwa nguzo ya babu.