Ukuta wa Maliwali Kumi na Wawili

Hapo zamani, katika nchi ya Tongwani, maliwali walibadilishwa upesi kuliko mikeka ya msikitini, na kila aliyeingia alikuwa na desturi moja: kuupakisha chokaa ukuta wa barazani, akafuta sifa za mwenzake na kuandikisha zake. Basi alipoingia wa kumi na mbili, Liwali Nasoro bin Humudi, mtu wa tumbo na majivuno, kazi hiyo akapewa Mkadamu, fundi chokaa fukara, mtoto na mjukuu wa mafundi chokaa, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli.

Ikawa mwandishi alipomaliza kuandika sifa, Mkadamu akacheka palepale ngazini. Liwali akataka kujua kinachomchekesha. Akajibu kuwa amewakumbuka tu maliwali waliopita.

"Kwa kuwa unakumbuka sana," akasema Liwali, "Ijumaa utatuletea hapa habari za wote walionitangulia. Asiachwe hata mmoja, na yawe maneno yao wenyewe. Ukishindwa, nyumbani mwako nitamfunga punda wangu, nawe uhame nchi."

Lo! Kila mtu alijua hakuna kitabu hata kimoja, maana kila liwali aliyachoma madaftari ya aliyemtangulia. Bi Mwanatumu, mkewe Mkadamu, akaanza kufunga vyombo, huku akimwambia mumewe kuwa siku zote alijua ulimi ule utawalaza nje. Nyumba ile, japo ilivuja, ndiyo pekee aliyokuwa nayo Mkadamu. Hata hivyo akaketi akanoa mwiko wake wa uashi.

Ijumaa watu wakajaa. Mkadamu akainama kwa adabu, akainuka, akaukwangua ukuta. Sifa za Liwali Nasoro zikaporomoka pu! Askari wakamrukia.

"Niwieni radhi," akasema. "Wenyewe wamo humu ndani. Nitawafikiaje bila kupita mlangoni?"

Liwali, kwa kuwa alikwisha kutamka mbele za watu, akaashiria aachwe. Basi likafunuka tabaka la chini yake, na kadhi akasoma: "Mimi ndimi liwali bora kuliko wote walionitangulia." Likakwanguliwa hilo, lililofuata likasema yaleyale. La tatu yaleyale. Kufika la saba, kadhi hasomi tena, anakohoa kuficha kicheko, na watu wanayasema wenyewe kwa ghibu. La mwisho, la yule liwali wa kwanza kabisa, ambaye hakuwa na aliyemtangulia, lilisema: "Mimi ndimi bora kuliko wote watakaokuja." Chini yake jiwe tupu.

Liwali uso ukamwiva. "Na sifa zangu ziko wapi?"

"Umezikanyaga, Bwana."

Liwali akatazama chini, akainua kiatu kilichojaa chokaa; kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka hata kilemba kikamwanguka. Akaamuru ukuta uachwe hivyohivyo, na nyumba ya Mkadamu iezekwe upya.

Mkadamu akashukuru, ila akauliza kwa unyonge: ukuta usipopakwa, yeye atakula nini?

"Tunza ndoo yako," akasema Liwali, akijipangusa machozi. "Atakuja mwingine."