Lango la Boma la Njiwani

"Anayetaka lango limtazame, hutazamwa na mzinga." Mmeisikia leo barazani mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni basi, na kicheko kiwekeni kando. Ilianza hivi.

Mji wa Kitongwe ulikuwa na askari wa kigeni, waliotoka ng'ambo kuja kuulinda na maharamia. Boma lao lilikuwa katikati ya mji, mizinga ikitazama baharini. Miaka ikapita, wenyeji wakawachoka: sokoni wamejaa wao, kisimani wanatangulia wao. Jumbe Mwinyikae, mkuu wa mji, akamwomba kapiteni wao wahamie kisiwa cha Njiwani, mkabala na mji. Kapiteni akakubali upesi mno. Mimi ningeshtuka hapo hapo, lakini wao walishangilia.

Jumbe akatoa sharti moja tu. Desturi ya Kitongwe, mgeni akijenga, mlango wake huelekea kwa mwenyeji. Akimpa kisogo, amemtukana.

"Lango litutazame sisi," akasema.

"Bila shaka," akajibu kapiteni.

Boma likaisha. Asubuhi moja Mwanashee, dada yake Jumbe, akasimama ufukweni akamwita. "Kaka, hebu njoo. Ile midomo myeusi juu ya lango ni ya nini?"

Jumbe akavuka kwenda kuuliza.

"Mizinga hukaa langoni, maana adui huingilia langoni," kapiteni akamweleza kwa adabu. "Ninyi ni marafiki. Wasiwasi wa nini?"

Aliporudi, Mwanashee akamwambia, "Waombe waigeuze."

"Nikiomba, watauliza tumepanga nini hata tuogope. Na nisipoomba..."

Mwezi ule Jumbe alikuwa akimwoza binti yake, Mize. Harusi ya Kitongwe isiyopigwa baruti si harusi. Lakini boma likisikia mlio, litadhani nini? Wazee waliogopa hata kulijibu swali hilo. Ngoma hazikuwambwa, baruti ikabaki ghalani, na wanawake wakakatazwa vigelegele. Bibi harusi akatolewa nyumbani kwa kunong'onezana.

"Baba, nimekutia aibu gani?" Mize akauliza, machozi yakimtoka.

"Hujanitia aibu, mwanangu," akajibu Jumbe, macho yake yakiwa kule Njiwani. "Nilidai heshima, nikapewa. Anayetaka lango limtazame, hutazamwa na mzinga."