Meli ya Menradi

Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia akasinzie kwake, maana hii naisema mara moja tu.

Pale Mbamba Bay tulikuwa watu watatu, na duniani hakuna wengine kama sisi. Kanisiusi seremala: akilainisha mbao, hata nzi anateleza. Gaudensi fundi bati: mpe kopo la nyanya, anakurudishia propela inayozunguka. Wa tatu mimi. Darasa sijakaa hata siku moja, lakini chombo nikikiziba mimi kinaelea hata kwenye umande. Kila Jumapili baada ya misa tulikuwa tunaunda meli ndogo, za urefu wa mkono, kwa raha zetu tu. Aliyetufundisha ni Menradi.

Menradi mwenyewe alikuwa na meli moja, aliyoiunda miaka tisa. Aliipa jina Orestina, la mtoto wa pekee wa yeye na mkewe, aliyefariki ana miezi saba. Sasa Menradi akalazwa Songea miezi mitano. Kurudi, amekonda, miguu imekataa, na meli iko juu ya kabati inamwaga unga. Mchwa.

Akatuita. "Jamani, mimi naondoka, msinidanganye. Nataka niione ikielea mara moja tu. Atakayeifufua, ni yake."

"Kaka, hiyo kwangu ni kama kujikuna," nikamwambia. "Wiki mbili."

Kanisiusi akaanza. Ubavu wa kushoto ulikuwa umeliwa, akautoa, akaweka mninga. Ulivyong'aa, ule wa kulia ukaonekana kizee. Akautoa nao, na ulikuwa mzima! Lakini bila yeye, hakuna meli.

Gaudensi akafuata. Bati lote la juu lilikuwa kutu. Bomba la moshi lilikuwa kopo la zamani la maziwa, limebonyea. Akalitupa, akatengeneza jipya, refu, linameremeta. Bila yeye, ule ni mtumbwi.

Nikamalizia mimi. Nikaziba kila ufa kwa pamba na lami, nikatia mawe chini isilale upande, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Lile jina liliandikwa kwa mkono, herufi zimelewa. Nikazisugua zikaisha, nikachora nyingine, zimenyooka kuliko za mwalimu. Bila mimi, ingezama na uzuri wake wote.

Siku ikafika. Tukampakia Menradi kwenye toroli mpaka kwenye kidimbwi kati ya mawe. Mkewe, shemeji Skola, kamshika kichwa. Wilaya nzima ilikuja, nadhani na samaki wote. Nikaiachia. Haki ya Mungu, ilikaa juu ya maji kama imezaliwa pale.

Menradi akaiangalia muda mrefu.

"Nzuri," akasema. "Ya nani?"

Tukacheka. "Yako, kaka! Umeisahau?"

"Yangu ina alama ubavu wa kulia. Kisu kiliniteleza, damu yangu ikaingia kwenye mbao."

Kanisiusi akaangalia miguu yake.

"Na bomba ni kopo la maziwa ya mwanangu."

Gaudensi akavua kofia.

"Na jina, nilimshika Skola mkono, tukaliandika wote wawili."

Mimi nikaanza kubandua rangi iliyokauka kwenye kucha zangu.

"Viko wapi vitu hivyo?" shemeji akauliza.

Mbao zilichomwa jikoni kwa Kanisiusi. Kopo lilikwenda jalalani. Na jina lilikuwa vumbi la msasa, nililipuliza kwa mdomo wangu huu.

"Nirudisheni nyumbani," Menradi akasema. Hakuiangalia tena. Jumatano akafa.

Siku ya kumaliza matanga, shemeji akaileta ile meli imefunikwa khanga, akaiweka mkekani mbele yetu.

"Marehemu alisema aliyeifufua aichukue. Mimi siwezi kulala nayo nyumba moja. Haya, shemeji zangu. Nani kaifufua?"

Kimya. Midomo mitatu kama redio, kimya. Maana anayesema "mimi ndiye niliyeifufua," hapo hapo amesema "mimi ndiye niliyeiua."

Mpaka leo iko barazani kwa shemeji. Kila akitoka nje anaikuta. Na haiozi, mninga mchwa hawaugusi.

Sasa nyie mlionisikiliza: Kanisiusi wa mbavu, Gaudensi wa bomba, au mimi wa jina? Mmoja wetu lazima aende akamtolee yule mama ile meli, atamke kwa mdomo wake, "Ni mimi."

Je, wewe ungemtuma nani?