Pindo la Vidole Vinne

Wapendwa, niwaombe radhi mapema: mfano huu nitausimulia vibaya. Jana niliujaribia jikoni, mke wangu akaweka mwiko chini akasema, "Baba, huo waachie wenye akili." Bahati mbaya wenye akili leo hawana zamu. Zamu ni yangu. Lakini nawaahidi dakika tano tu. Tano! Mzee wa kanisa, usiiangalie saa kwa dharau namna hiyo.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani, mjane, mwenye binti mmoja wa miaka kumi. Binti alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu. Mnazijua zile: miezi sita, kila alfajiri, huruki hata siku moja. Alikuwa amemaliza minne. Kikohozi kimekata, mashavu yameanza kurudi.

Basi akaja nabii mjini pale. Akatangaza kwamba Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, jua linapotaka kuchomoza, halitachomoza. Dunia imeisha. Watu wapande kilimani wakiwa na kanzu nyeupe. Nani azishone? Fundi wetu. Na yeye aliamini. Aliamini mpaka cherehani ikaamini! Kanzu sitini.

"Usiweke mifuko," nabii akamwagiza. "Tuendako hatubebi kitu."

Watu waliokuja kupimwa wakatoka. Mzee mmoja mwenye heshima zake akabaki nyuma, akanong'ona, "Fundi, mimi niwekee kamoja. Ka miwani tu. Nisije nikafika halafu nikamwamkia malaika nikidhani ndiye Bwana."

Mnacheka? Wengine wenu mngeomba wa simu na chaja.

Fundi akamshonea binti yake kwanza. Binti akavaa, akainama kutazama miguuni.

"Mama, umesahau pindo. Sare yangu ya shule uliiwekea, la kufumua nikirefuka."

"Hii haihitaji pindo, mwanangu."

"Na dawa? Leo hujanipa."

"Zimebaki dawa za miezi miwili, na siku zimebaki tisa. Tulia."

Akalipandisha kopo la dawa juu ya kabati, nyuma ya masufuria. Mmelisikia neno lile la pindo? Mama aliyewaachia pindo watoto wa mtaa mzima amemwambia mwanawe mwenyewe kwamba hatakua tena. Na alisema kwa upole, kwa upendo, kwa imani! Sijui kama kuna kitu kinanitisha kuliko hicho.

Siku ya kwanza ikapita bila dawa. Ya pili. Siku ya tatu binti akakohoa chumbani, mara moja tu. Fundi akaongeza kasi ya cherehani ili asisikie.

Mchana huo nabii akaja kumpimisha mwanawe mdogo. Fundi akapiga magoti, akashusha futi kutoka begani mpaka kifundo cha mguu, chaki mkononi. Nabii alikuwa mlangoni, amewapa mgongo, anaongea na watu wa nje. Bila hata kugeuka, akasema, "Fundi, huyo mwachie pindo. La vidole vinne. Nguo hazimkai huyo."

"Vinne, Nabii?"

"Hata vitano! Mwaka hauishi, atakuwa ameshaipita."

Chaki ya fundi ikasimama.

Nabii akageuka taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake na asiyemjua. Akamtazama fundi. Akamtazama mwanawe, yale magoti mawili yenye vumbi.

Fundi akaiacha futi ikining'inia shingoni mwa mtoto wa nabii. Akaingia ndani, akapanda kiti, masufuria yakaanguka yote, akashuka na kopo.

"Mama, si siku zimebaki sita?"

"Meza, mwanangu. Nisamehe, meza."

Alhamisi ikafika. Kilimani watu sitini wameshikana mikono, weupe kama mchele. Bondeni, mlangoni kwa fundi, binti mwenye sare ya shule na kikombe cha uji. Na saa ya mwisho wa dunia, nawakumbusha, ndiyo ilikuwa saa ya kidonge.

Jua likachomoza.

Likatoka kama linavyotoka, bila haraka, bila kumuuliza mtu. Likagusa kilima, likazipaka kanzu zote rangi ya asali. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyecheka. Watu walioliona jua maisha yao yote walisimama wakilitazama kama watoto wachanga. Yule mzee akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akaanza kulia. Na kule chini binti akatia kidonge mdomoni, akanywa uji, akameza.

Sasa niambieni, muujiza mkubwa ulikuwa wapi?

Nabii yule mimi simcheki. Mdomo wake ulisema dunia inaisha, ubaba wake ukasema mtoto anakua. Mungu siku ya mwisho ameificha, na sisi inatuuma. Tunatafuta tarehe, tunapiga mahesabu, tunamkimbilia kila anayesema ameiona. Jamani, hatukunyimwa kila kitu! Hatukupewa tarehe, tumepewa pindo. Kwa hiyo wewe uliyeacha dawa kwa sababu mtu kaota ndoto, rudi kliniki kesho asubuhi. Wewe uliyemtoa mtoto shule kwa sababu mwisho umekaribia, mrudishe, na sare yake iwe ndefu. Anayekuja atukute tukiwa na sindano mkononi.

Na mkitoka hapa msihangaike kumsaka nabii wa uongo mitaani. Mtu aliyewatabiria dakika tano, na saa ya ukutani inasema arobaini, bado ameshika maikrofoni.