Chande na Udongo wa Babu wa Sultani

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Shekuwe, aliyetaka uwanja. Binti yake anaolewa, wageni watatoka miji yote, na mbele ya jumba hapakuwa na mahali pa kutandika hata jamvi. Upande huu kilima kimevimba, upande huu korongo limeachama. Katikati ni njia ya mbuzi.

Mafundi wakamwambia, "Maulana, jambo jepesi. Tukate kilima, tufukie korongo."

Sultani akawaka. "Kilima hicho babu yangu alikuwa akikikalia jioni akipunga upepo! Udongo aliouwekea makalio yake nyinyi mtautupa shimoni, ukakanyagwe na wauza samaki? Udongo wa kilima utamwagwa baharini, kwa heshima. Korongo mtalifukia kwa udongo wa mashamba yenu. Atakayechanganya, kichwa chake kitafuata."

Mafundi wakainama, amri ikatoka, na akida akawekwa juu ya kilima kusimamia kazi. Wanaume wakapewa kilima, wanawake wakapewa mashamba. Wanaume wanashuka na vikapu kichwani, wanalipita korongo lile likiwa wazi, wanaenda mpaka pwani kumwaga udongo mzuri majini. Wanawake wanapanda na vikapu kichwani, wamebeba udongo mweusi wa mashamba yao, wanakuja kuutia korongoni. Wanapishana njiani, huyu amebeba, yule amebeba, wanasalimiana kwa macho maana shingo hazigeuki. Na mvua za kupanda zilikuwa zimekaribia, na mashamba yamekuwa mashimo.

Miongoni mwa wachukuzi alikuwamo Chande. Mwembamba, magoti makubwa, na uvivu wake hakuuficha. Alikuwa akisema, "Mungu alipogawa nguvu mimi nilikuwa nimelala. Alipogawa akili nikaamka, lakini nikaona foleni ndefu, nikalala tena."

Siku moja jua limewaka, Chande akafika ukingoni mwa korongo, miguu ikakataa. Akatua kikapu, akakaa juu ya jiwe. Akaiangalia njia ya pwani ilivyojinyoosha, machozi yakamlengalenga. Mara akamwona mkewe Mwanaesha anapanda, kikapu kichwani, jasho limemlowesha kanga.

"Umekaa nini, baba watoto? Akida atakuona."

"Akida yuko juu anakula embe. Mke wangu, hicho ulichobeba ni nini?"

"Huoni? Ni shamba letu. Pale penye mihogo."

Chande akakitazama kikapu cha mkewe, akakitazama chake, akalitazama korongo. Akajisikia mpumbavu kwa siku zote alizokwenda pwani na kurudi.

"Basi lirudishe shamba nyumbani," akasema. "Mimi changu nakimwaga hapa hapa."

"Watakukata kichwa!"

"Kwa kichwa kilichochelewa kuona jambo hili, hasara si kubwa."

Akamwaga. Mwanaesha akageuka na shamba lake kichwani. Aliyekuwa nyuma yao akaona, akafanya vivyo hivyo. Kufika alasiri mji mzima umeelewa. Kilima kikashuka, korongo likajaa, mashimo ya mashambani yakazibwa kwa udongo uliozidi, mihogo ikarudishiwa udongo. Akida kule juu alifurahi tu kuona kazi inakwenda, akaendelea na maembe.

Uwanja ukatimia, umelala kama mkeka. Sultani akafurahi hata akatoka kutembea pwani, aone kilima cha babu yake kimeingiaje baharini. Akakuta mchanga na kaa, na kifusi kidogo tu cha siku za mwanzo. Akarudi mbio. Ukafanywa uchunguzi, na waliohojiwa wote wakaelekeza kidole upande mmoja.

Chande akaletwa uwanjani. Mwenye upanga amesimama tayari. Mwanaesha yuko nyuma ya umati, kanga ameiuma kwa meno.

"Wewe ndiwe mwerevu wa mji huu?" Sultani akauliza.

"La, Maulana. Werevu wamekimbia. Mimi magoti yaliniuma."

"Nani alikufundisha?"

"Shingo. Huku juu yake hamna mtu."

"Amri yangu ilisema baharini!"

"Na nia yangu ilikwenda baharini, Maulana. Miguu ndiyo iliyobaki."

"Unanidhihaki?"

"Haijafika zamu yako, Maulana. Bado najidhihaki mimi, na mambo yangu ni mengi."

Watu wakatazama chini ili wasionekane meno. Sultani akapiga mguu ardhini.

"Utautoa! Udongo wote wa babu yangu, mpaka wa mwisho!"

"Naanza sasa hivi. Ila humu chini kuna na wa shamba langu, wa siku za kwanza. Nionyeshe upi ulikaliwa na babu yako na upi ulichakurwa na kuku wangu."

Sultani akatazama chini. Udongo ulikuwa udongo.

"Udongo wa kifalme hujulikana!"

"Basi uite, Maulana. Utaitika."

Hapo mwenye upanga mwenyewe akakohoa. Sultani akaona mji unamponyoka mkononi, akapaza sauti kila mtu asikie.

"Sikilizeni! Babu yangu alikuwa mtu wa juu, na vyake vyote ni vya juu! Kiti chake kiko juu, kilemba chake kiko juu, upanga wake unaning'inia juu. Haya, wewe mwenye ulimi! Nitajie kitu cha babu yangu, kimoja tu, kilichowahi kutiwa shimoni kikafukiwa. Ukikitaja, nenda zako nyumbani na kichwa chako. Usipokitaja, kichwa kinabaki hapa!"

Chande akajikuna kisogo. Akamtazama mkewe, akautazama upanga, akapiga magoti yake yanayouma.

"Maulana, mimi mjinga, vitu vya wakubwa sivijui. Nakijua hicho kimoja tu."

"Kipi?"

"Babu mwenyewe."