Mkunga Hodari Kuliko Wakunga Wote

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika vizuri kuliko wote. Kuliko akina nani, tutaona huko mbele.

Zamani, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji kilichopenda sifa. Kilikuwa na kisima kimoja, kikaitwa kisima chenye maji matamu kuliko visima vyote. Kilikuwa na jogoo mmoja, akaitwa jogoo mwenye sauti nzuri kuliko majogoo wote. Jumbe wao, Mngwali, alijipa sifa ndogo tu: mtu mnyenyekevu kuliko watu wote. Kila asubuhi ngoma ilipigwa, ndi! ndi! ndi!, ili unyenyekevu wake usisahaulike.

Na mkunga walikuwa naye mmoja, Bi Mashavu. Huyo aliitwa mkunga hodari kuliko wakunga wote.

Siku moja Siwema, mke wa Makame, akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Alishikwa alfajiri. Jua likapanda, likafika utosini, mtoto hajatoka. Bi Mashavu akapapasa tumbo, akanyamaza. Akapapasa tena, akanyamaza tena. Siwema nguvu zikamwisha.

Makame akakimbia kwa jumbe, tup tup tup, kuomba ruhusa ya kumwita mkunga wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Jumbe akashangaa sana. Akamweleza kwamba aliye juu ya wote hana wa kumsaidia, na kumwita mwingine ni kukitia kijiji aibu. Siwema avumilie. Wazee waliokuwapo wakakubali kwa moyo mmoja. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na uchungu.

Nyuma ya nyumba ya Siwema alikuwapo ajuza akisuka mkeka, Bibi Mboni. Yeye hakuwa na sifa yoyote. Walimsahau walipokuwa wakigawa. Akauweka ukili chini, akaingia ndani, akaketi karibu na mkunga.

"Mashavu mwanangu, kijiji hiki kina wakunga wangapi?"

"Niko peke yangu, bibi."

"Umewahi kumwona mwingine akizalisha?"

"Sijawahi."

"Basi hongera. Umemshinda nani?"

Bi Mashavu akaitazama mikono yake. Machozi yakamtoka.

"Bibi, mtoto amekingama tumboni, nami sijui kumgeuza. Nasikia Bi Ndonya wa ng'ambo anajua. Tangu asubuhi naogopa kusema. Mkunga hodari kuliko wote atamwitaje mwenzake?"

"Huyo hawezi, ana kazi ya kuwa hodari. Lakini Mashavu anaweza. Mtume Makame."

Makame akatumwa, tup tup tup, na safari hii hakupitia kwa jumbe. Bi Ndonya akaja na kanga iliyolowa mpaka magotini. Akasukuma taratibu, na Bi Mashavu akashika pale alipoambiwa ashike. Mtoto akageuka. Jua lilipoinama ikasikika sauti, ngaa! ngaa! Siwema akampokea mwanawe, akalia, akacheka.

Hapo ndipo jumbe alipofika na ngoma yake. Akatangaza kwamba huyu ni mtoto mzuri kuliko watoto wote waliozaliwa kijijini siku hiyo. Bibi Mboni akasema ni kweli, maana alikuwa peke yake, na ushindani ulikuwa mkali.

Jumbe akafurahi. Akataka ajuza naye aitwe mwenye hekima kuliko wote.

"Mmewauliza wangapi?" akasema Bibi Mboni.

Hawakuwa wamemuuliza mtu.

"Basi niiteni Mboni. Jina hilo nimelizoea." Akarudi kwenye mkeka wake.

Wanangu, kabla hamjasema fulani amewapita wote, wahesabuni kwanza hao wote. Na ukisifiwa hivyo wewe, usione haya kusema hujui. Siwema alipona kwa sababu mtu mmoja alisema hajui.

Hadithi yangu imeishia hapo, kitandani kwa Siwema. Wala si tamu kuliko zote. Leo nimewapa hii moja tu.