Breki Njema, Fundi Hupanda

"Breki njema, fundi hupanda." Mmemsikia baba yenu akimwambia hivyo yule seremala aliyekataa kupanda ngazi aliyoitengeneza mwenyewe, mkacheka. Haya, chekeni, kisha mnisikilize mimi bibi yenu. Methali hii ilianza hapahapa Usambara, tena ilianza hivi.

Siku hiyo mkunga alikuwa ameshindwa kunizalisha. Mtoto alikaa vibaya tumboni, na hospitali ilikuwa kule chini, tambarare. Gari kijijini lilikuwa moja tu, Landrova ya jirani yetu Hoza, nayo silinda ya breki ya gurudumu la nyuma ilikuwa inavuja mafuta. Mlima wetu mnaujua: kona juu ya kona, na korongo pembeni.

Fundi Shemboza alivua ngoma ya breki, akatoa silinda mbovu, akafunga mpya. Kitu chenyewe kidogo, kinajaa kiganjani tu! Hoza akawa anakanyaga pedeli, fundi anatoa upepo, mpaka mafuta yakatoka bila mapovu. Gurudumu likarudishwa. Mimi nimelazwa nyuma, nauma kanga.

"Tayari," alisema Shemboza. "Nendeni salama."

"Umemaliza kabisa?" Hoza aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi panda, fundi. Tushuke wote."

Shemboza akautazama mteremko. Akanitazama mimi. Hakupanda.

"Kanyaga breki, ushikilie," alisema, akajilaza chini ya gari. Mara nikamsikia: "La haula! Nati ya paipu imeingia upande. Mafuta yanachuruzika."

Kwa haraka zake alikuwa ameianza nati kwa spana. Sasa akaifungua, akaianza upya kwa vidole, polepole, ndipo akaikaza. Wakatoa upepo tena. Hoza akashikilia pedeli, fundi akafuta kiungo kwa kitambaa, kikatoka kikavu. Hapo ndipo alipopanda, akakaa karibu na kichwa changu.

Tukashuka. Kila kona Hoza alikanyaga, na lile gari zito likakitii kile kidude cha kiganjani. Wallahi nilisahau uchungu, nikabaki kustaajabu. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Tulipofika chini, Hoza alimshika Shemboza mkono, akamwambia, "Kumbe breki njema, fundi hupanda."

Baba yenu alizaliwa jioni hiyo. Ndiyo maana akimwona fundi anaiogopa ngazi yake, yeye hacheki. Breki njema, wajukuu zangu, fundi hupanda.